Mtalii wa Figo

Watu wa ukweni kwangu wanaweza kuitisha kikao kuamua kama mvua inanyesha, na wakatoka hapo wamelowa chapachapa huku wamepitisha kwamba ni jua. Siwasengenyi. Nimeolewa humo miaka kumi na sita, vikao vyote nimevipikia chai, na ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu.

Kazi yangu ilikuwa kujaza fomu. Nilikuwa na kibanda mkabala na kituo cha maombi ya viza: meza moja, kompyuta, printa iliyokuwa ikikwamisha karatasi kila jua likipamba moto, na ukutani kibali cha kituo kinachosema mimi ni mjazaji niliyesajiliwa. Tulikuwa sita tu wenye kibali. Waliobaki, wale wanaozurura getini na bahasha kwapani, nusu yao ni matapeli, na nusu ni watu waliowahi kupata viza mara moja. Hao wa pili ndio balaa. Mtu akishapata viza mara moja, basi, kichwa kinavimba, anajiona profesa wa viza. Anatoa nakala za fomu yake anawagawia ndugu na majirani. "Hii ina baraka," anawaambia, "nakili kama ilivyo." Nao wananakili! Nimemwona bibi mzima, anakwenda kumzika mwanawe, ameandika kwamba anakwenda kwenye maonyesho ya matrekta, kwa sababu fomu ya baraka ilikuwa ya muuza matrekta. Dirishani wakamuuliza anapendelea trekta la aina gani. Alilia pale mpaka mlinzi akamletea kiti.

Mimi watu wa fomu ya baraka nawadharau, na sijawahi kuficha.

Sasa, mume wangu ana dada mmoja tu, wifi yangu, ambaye ana miaka kumi na miwili nchi ya watu, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Mwaka jana figo zake zote mbili ziligoma. Ikawa mara tatu kwa wiki anafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa muda wa saa nne kila mara, akitoka hapo hata kijiko hawezi kukishika vizuri. Madaktari wa huko wakasema apatikane ndugu wa kumtolea figo moja, vinginevyo hana muda mrefu. Ndugu wakaombwa wapimwe. Shemeji yangu mkubwa, kaka wa familia, akasema presha yake haimruhusu. Presha hiyo ilikuwa haijawahi kusikika mpaka siku ile. Mume wangu alienda kupimwa, akakutwa damu yake na ya dada yake zinakubaliana kila kitu.

"Ninazo mbili, nitabaki na moja," akasema, kama mtu anayeazimwa spana. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti, maneno yake machache. Nilijivunia sana siku ile.

Hospitali ikaleta barua. Tarehe ya upasuaji ilikuwa siku arobaini na tano mbele. Na kulikuwa na mstari mmoja wenye wino mzito: mtoaji wa figo aingie nchini kwa viza ya matibabu, kundi la watoaji viungo, aliyeingia kwa viza nyingine yoyote hatapokelewa. Hiyo viza inajibiwa kwa wiki tatu. Muda ulikuwepo wa kutosha na kusaza.

Wifi akanipigia simu. Sauti ilikuwa imechoka.

"Wifi yangu, namshukuru Mungu una kazi hiyo," akasema. "Haya mambo ya karatasi nakuachia wewe. Tafadhali, usimwachie Kaka. Unamjua."

"Ondoa shaka, wifi," nikamjibu. "Lala usingizi."

Kaka anayesemwa hapo ndiye huyo shemeji yangu wa presha. Mtaani wanamwita Itifaki. Alikuwa mwalimu mkuu msaidizi, akastaafu, sasa ni mwenyekiti wa kamati ya shule na mshika kipaza sauti wa kila harusi na kila msiba, hata ile misiba ambayo hakualikwa. Hawezi kunywa maji bila kutambua waliotangulia kuyanywa. Barua ilipofika tu akaitisha kikao sebuleni kwa mama mkwe.

"Ajenda ya kwanza na ya pekee," akasema akiwa amesimama, na sisi tulikuwa watu saba tu, "ni aina ya viza."

"Barua imeshasema, shemeji," nikamwambia. "Ni ya matibabu. Kesho asubuhi naianza."

Akanitazama kwa ile huruma ya walimu. "Shemeji, nikuulize kwa heshima zote. Mume wako anaumwa?"

"Haumwi."

"Ana homa? Anakohoa?"

"Hana lolote."

"Basi mtu mzima, mwenye afya yake, anayenyanyua mageti ya chuma peke yake, anaandikaje kwamba anakwenda kwa matibabu? Huo si uongo? Familia hii haijawahi kuandika uongo kwenye karatasi ya serikali yoyote."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa. Baba mdogo, ambaye alikuwa amesinzia, akazinduka akaitikia pia, kisha akarudi kusinzia.

Nikawaeleza. Nikasema anayetibiwa ni wifi, lakini mtoaji anaingizwa kundi hilohilo, sheria ya huko ndivyo ilivyo, na imeandikwa hapa, someni. Itifaki akaichukua barua, akaitazama kwa mbali kwa sababu miwani alikuwa ameisahau, akaiweka mezani.

"Barua hii imeandikwa na madaktari," akasema. "Madaktari wanajua figo. Viza hawajui."

Lo! Watu walicheka kwa kuridhika kana kwamba wamesomewa aya. Hapo ndipo akafungua faili lake la plastiki, na nikajua kinachotoka kabla hakijatoka. Fomu ya baraka. Ilikuwa ya rafiki yake, mwalimu mwenziwe, aliyekwenda nchi hiyohiyo kutalii, viza akaipata kwa siku tatu. Siku tatu! Itifaki akaizungusha sebuleni kila mmoja aiguse. Sababu ya safari: kutazama maporomoko ya maji.

"Siku tatu badala ya wiki tatu," akasema. "Dada yetu yuko kwenye mashine. Nani hapa anataka asubiri? Kijana aende kama mtalii. Akishafika, nani atamzuia mtalii asimtembelee dada yake hospitalini? Na hiyo barua isiwekwe kwenye faili. Wakiona neno hospitali watadhani ana kifua kikuu."

"Kwa hiyo uongo hatuandiki," nikasema, "ila tunaandika anakwenda kutazama maji."

"Maji si yapo? Akitaka atayatazama."

Nikasema mara ya pili. Nikasema viza ya utalii ni siku kumi na nne, haibadilishwi ukiwa ndani, na hospitali itamfungia mlango. Itifaki akashusha pumzi, akakunja mikono.

"Shemeji, tunakuheshimu. Lakini kazi yako wewe ni kupiga chapa. Hili ni jambo la damu, letu sisi tuliotoka tumbo moja. Wewe piga chapa."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anachunguza vidole vyake vyenye makovu ya cheche. Kaka yake ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufa, na mbele yake mume wangu anakuwa mtoto wa darasa la pili.

Nilikuwa na neno moja la kuwanyamazisha wote. Mwaka uliotangulia nilimjazia fomu ya pili mtu aliyerudishwa mlangoni pa hospitali hiyohiyo, kwa kosa hilohilo. Jina lake ninalo, simu yake ninayo, ningempigia pale pale awasimulie. Nikalimeza. Piga chapa? Haya, napiga chapa! Waende wakaumbuke, nikasema moyoni, na siku hiyo nitakuwa nimekaa nimekunja nne nikiwatazama. Shauri yao.

Kesho yake mume wangu akaja kibandani, akakaa kwenye stuli mbele yangu, pasipoti mkononi. Nikachapa kila kitu kama kilivyo kwenye fomu ya yule mwalimu. Maporomoko, hoteli, hata jina la kampuni ya kuongoza watalii. Nilipofika mwisho akaniinamia.

"Mke wangu, hii ni sawa kweli?"

Aliniuliza taratibu, tukiwa wawili tu, bila kikao wala mwenyekiti. Nami bado nilikuwa nimevimba.

"Kamuulize kaka yako," nikamwambia. "Mimi napiga chapa tu."

Akasaini.

Viza ikatoka kwa siku tatu. Mungu wangu, majivuno ya mtu yule! Itifaki alipita nyumba hadi nyumba na nakala ya viza kana kwamba ameitia saini yeye. Siku ya kusindikiza, wiki moja kabla ya upasuaji, alitoa hotuba kwenye maegesho ya uwanja wa ndege, akamshukuru rafiki yake mwalimu, akamshukuru mama, akashukuru na dereva wa teksi. Mchapaji hakutajwa, na mimi nilisimama pembeni nikitabasamu tabasamu langu.

Kilichotokea nilikijua kabla ndege haijaruka. Mume wangu akafika, akaulizwa, akajibu maporomoko, akagongewa muhuri. Asubuhi akaenda hospitali. Mama mmoja anayeratibu watoaji akafungua pasipoti, akaifunga.

"Wewe ni mtalii," akamwambia.

"Mimi ni kaka yake."

"Sura naiona. Lakini sheria yetu inaangalia viza. Hapa kuna watu wananunua figo, na wanaouza wote huingia kama watalii. Nikikupeleka chumba cha upasuaji, kesho mimi na daktari tuko polisi."

Akamwonyesha barua aliyotutumia, ule mstari wa wino mzito. Akamuuliza kama kwao hakuna mtu anayejua kusoma. Mume wangu akanisimulia hilo kwenye simu bila hasira.

Alikaa na dada yake siku zilizobaki za viza. Itifaki naye, badala ya kwenda kujifungia chumbani kwa aibu, akampigia simu kumwagiza aende kwenye maporomoko akapige picha, ili kumbukumbu zilingane. Na akaenda! Ninayo hiyo picha. Fundi wa mageti, kavaa koti la mvua la kukodi, kageuzia maji mgongo, uso kama wa mtu aliyesimamishwa mbele ya darasa. Itifaki akaituma kwenye kundi la simu la familia na kuandika chini yake: "Safari inaendelea vizuri." Watu kumi na wawili wakaweka vidole gumba.

Tarehe ya upasuaji ikapita. Wifi akarudishwa mwisho wa orodha na kupangiwa tarehe nyingine, miezi miwili mbele. Katika mwezi wa kwanza wa kusubiri, mrija wa mashine ukaingiza vijidudu kwenye damu, akalazwa siku kumi na moja. Alipotoka alikuwa hatembei tena bila kushikwa. Kazi ya mikate ikaisha hapo. Madaktari wakasema tarehe hii ya pili ikipita, hawadhani mwili wake utahimili upasuaji wowote.

Nilikuwa nimejiandaa kukunja nne na kuwatazama. Sikukunja chochote.

Nikaenda mwenyewe dirishani kuulizia viza ya matibabu. Afisa wa pale alikuwa ananijua, miaka tisa nampelekea mafaili. Akafungua kumbukumbu, akatikisa kichwa.

"Mara ya kwanza alisema anakwenda kutalii. Sasa anasema ni mtoaji figo. Kama alidanganya mwenyewe, hapati viza miaka mitano. Kama alielekezwa vibaya, aliyemwelekeza aandike barua, akiri, asaini, alete na kitambulisho. Nikiipata wiki hii, mume wako anawahi."

Kikao cha pili, sebule ileile. Nikawaeleza. Kitu chenyewe kilikuwa karatasi moja na saini moja. Itifaki akakohoa sana kabla ya kujibu.

"Mimi nina nafasi yangu kwenye jamii," akasema. "Mwenyekiti wa kamati ya shule hawezi kuacha saini yake kwenye barua ya kukiri makosa, tena kwa serikali ya nje. Lakini njia ipo. Fomu ilichapwa na nani? Makosa ya kuchapa hutokea. Mchapaji aandike kwamba alikosea."

"Akiandika hivyo watamnyang'anya kibali," mume wangu akasema.

"Kibali ni kibali tu. Huyu ni dada yetu."

Jamani! Mtu huyohuyo! Nilikuwa natafuta neno la kumtupia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mume wangu akasimama mbele ya kaka yake.

"Kaka, hapana," akasema, na sauti ilikuwa inamtetemeka. "Yeye alisema. Alisema mara mbili, sote tukiwa hapa. Wewe ndiye uliyekataa. Saini wewe."

Mama mkwe akashika kinywa. Itifaki akasimama, akaweka mkono kifuani, akasema presha imepanda, akatoka. Faili lake la plastiki alilibeba. Hakusaini siku hiyo wala kesho yake, na simu akazima.

Siku ya tatu nikafungua kibanda mapema, nikaandika barua. Sikuandika kwamba niliteleza kwenye kuchapa. Niliandika kwamba nilijua viza sahihi ni ipi. Kwamba niliwahi kuona kosa hilohilo likimrudisha mtu. Kwamba mwombaji aliniuliza kama fomu iko sawa, tukiwa peke yetu, na sikumwambia. Nikasaini, nikaweka kitambulisho juu.

Afisa akaisoma mara mbili.

"Unajua nitakitoa kibali chako ukutani leo hii?"

"Kitoe."

Akagonga muhuri. Kisha akainua macho, na yalikuwa yamelainika. "Mume wako ana bahati," akasema. "Si kila mke angejisingizia hivi."

Nikafungua mdomo kumwambia sijajisingizia. Nyuma yangu mtu akasema foleni isogee, nikasogea.

Wote wakachukulia hivyohivyo. Mama mkwe alinikumbatia, akasema ametambua sasa kwamba alizaa binti wawili. Itifaki akawasha simu, akatangaza kwenye kundi kwamba ushauri wake wa kikao umezaa matunda. Na viza ilipotoka, ya matibabu, siku tisini, mume wangu aliishika mkononi akanitazama kwa namna ambayo sijatazamwa tangu siku ya harusi.

"Umebeba mzigo wa Kaka," akasema. "Sitakusahau kwa hili mpaka nakufa."

Nikamwambia aende akakunje mashati.

Jioni ile, kabla hajaondoka, wifi akapiga simu. Mume wangu alikuwa bafuni, nikaipokea. Nyuma yake niliisikia mashine inavyofanya kazi.

"Wifi," akasema, "hospitali wameniletea faili la mtoaji nilisome. Barua yako imo."

"Imo, ndiyo."

"Mama ananiambia umejisingizia ili kumwokoa mumeo. Kaka naye anasema hivyohivyo. Kila mtu anakusifu." Akapumzika kidogo, maneno yalikuwa yanamchosha. "Lakini mimi nakujua ulivyo na maringo ya kazi yako. Wewe huwezi kuandika uongo kwenye faili. Haya uliyoandika ni kweli?"

Ningeweza kulia, ningeweza kueleza. Kuhusu kikao, kuhusu barua kutazamwa kwa mbali bila miwani, kuhusu watu kucheka.

"Ni kweli," nikasema.

"Kwa nini?"

"Shemeji alinikera. Mbele za watu. Aliniambia nipige chapa tu."

Mashine ilizunguka, ikazunguka.

"Alikukera," akasema wifi yangu.

Mume wangu akatoka bafuni anajifuta kichwa, akauliza ni nani, akanyoosha mkono apewe simu. Wifi akamsikia sauti.

"Mwambie aje na soksi nzito," akasema. "Huku baridi imeanza."